Mkono Wangu Kwenye Fomu Yako

Nafula, binti yangu,

Bahasha hii nimeiacha bila gundi. Najua huko bwenini barua zenu hufunguliwa na naibu wa mwalimu mkuu kabla hazijawafikia, na mimi ni mwalimu pia, sina haja ya kumsumbua mwenzangu. Basi, mwalimu, kama wewe ndiye unayeisoma kwanza, pokea salamu kutoka Kawangware. Soma mpaka mwisho, halafu mpe mtoto barua yake, na tafadhali usimwite ofisini kumuuliza maswali. Makosa yaliyomo humu ni yangu.

Mama yako hajambo. Bado anauza mitumba pale soko la Toi na bado anagombana na belo za nguo anazofungua. Anasema za siku hizi zimejaa makoti ya theluji, na theluji yenyewe Nairobi tunaiona kwa friji tu. Anakusalimu sana. Yeye ndiye aliyenisukuma niandike, kwa hivyo ukikasirika, usimkasirikie yeye.

Ni kuhusu ile fomu yako ya kuchagua mkondo wa Gredi ya Kumi. Ulichagua sanaa, ukapelekwa sayansi, nikakuambia kompyuta imekosea. Nafula, kompyuta haikukosea. Ni mimi.

Sasa unaweza kuiweka barua chini, utembee kidogo, kisha urudi. Mimi hapa ninaendelea kuandika, maana nikisimama sitaanza tena.

Unajua vile nilivyokuwa. Ulipokuwa na miaka sita tulikuwa tukiishi bado Kibera, upande wa Makina, na siku moja mama yako akakuambia uchague viatu vya shule kwenye rundo la jirani yake sokoni. Ukachimba rundo lote ukatoka na viatu vya kahawia vyenye kifungo pembeni, vimekukaa sawasawa. Mimi nikavitoa mguuni, nikakuvisha vyeusi vikubwa vya ngozi. Nikasema, "Utakua ndani yake." Mama yako akavijaza magazeti kwa mbele. Ukatembea kwacha kwacha mwaka mzima, na miguu ilipokuja kufikia ukubwa wa viatu, soli zilikuwa zimeisha. Mpaka leo mama yako akitaka kunichokoza huniuliza, "Baba Nafula, hii nayo tutakua ndani yake?"

Darasani nilikuwa hivyohivyo. Pale Kibera nilifundisha kwenye chumba cha mabati, watoto hamsini na kitu, na kila mtihani ukisahihishwa niliwapanga upya kwa maksi. Namba moja mbele karibu na mlango penye hewa, wa mwisho nyuma kule jua linapopiga mabati. Watoto walibeba mifuko yao wakihama kimya kimya, wengine wakilia. Mimi niliona ni mpangilio mzuri. Kitabu ukurasa ninaotaja mimi, kalamu rangi ninayotaja mimi, choo saa ninayotaja mimi. Ukutani niliandika kwa chaki ya rangi: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyevunjika guu, lakini sikumbuki pia mtoto aliyeniuliza swali ambalo sikulijua jibu lake.

Tulipohamia Kawangware ukaingia junior sekondari, ukawa mwanafunzi wangu kabisa. Tulikubaliana nyumbani niwe Baba, shuleni niwe Mwalimu. Siku ya tatu ukanyoosha mkono ukasema, "Baba, nimemaliza." Darasa lote likaanguka kwa kicheko. Brayo alikaa wiki mbili akiniita Baba kwenye korido. Wewe uliona aibu sana, lakini nikuambie leo, mimi siku ile nilienda nyuma ya choo cha walimu nikacheka peke yangu. Nilifurahi mno, sikujua niseme kwa nani.

Halafu akaja Madam Njeri kuwa mwalimu mkuu. Unamjua, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Akaketi nyuma ya darasa kipindi kizima cha sayansi, asiandike chochote. Kengele ilipolia akaniambia, "Mwalimu, umeongea dakika arobaini. Hawa watoto wanajua kunyamaza vizuri sana. Wanajua nini kingine?" Nilikasirika. Nilikuja nyumbani nikamtukana mpaka ugali ukapoa, na wewe ukaniangalia tu ukitafuna sukuma wiki. Hukunitetea hata kidogo, na sasa naelewa kwa nini.

Unaikumbuka siku ya kwanza nilipojaribu? Tulikuwa tumesoma usafi wa maji. Nikafunga kitabu, nikasema kila kikundi kichague chenyewe jinsi ya kuonyesha kilichoelewa. Darasa likawa kimya, ule ukimya wa watu wanaosubiri kiboko. Kisha Brayo akasimama.

"Mwalimu, sasa ile unataka ni gani?"

"Hakuna ninayotaka. Chagueni."

"Eh, sawa, lakini ile utatupea maksi ni gani?"

Mlikaa hivyo karibu robo ya kipindi mkijaribu kusoma uso wangu mjue jibu. Mlipoamini kwamba sikuwa nimeficha kitu, mkalipuka. Kikundi kimoja kiligombana juu ya kiongozi mpaka kengele. Kingine kiliomba ruhusa kwenda nje kufanya utafiti, nikawakuta wanapiga mpira. Nikampelekea Madam Njeri habari hizo kwa ushindi. Hayo ndiyo matunda ya uhuru, nikamwambia. Akacheka. "Mwalimu, watoto hawa wamefungwa miguu miaka minane, leo umefungua kamba unashangaa hawakimbii vizuri. Rudia wiki ijayo."

Wiki iliyofuata wewe ulikuja na karatasi. Ulichora nyuma ya kalenda ya zamani. Ulikuwa umefuata bomba letu la maji kwa miguu kutoka tangi la kule kwenye makutano hadi kwenye ploti yetu, ukachora kila kona, kila choo, kila mtaro, na kila mahali bomba lilipopasuka ndani ya maji machafu ukatia alama nyekundu. Alama tisa. Wenzako wakakuzunguka. "Wacha! Hiyo si ni kwetu?" Kila mmoja akatafuta mlango wake. Waliporudi nyumbani wakawaambia mama zao, mama zao wakamwendea mwenye ploti, naye ni Baba Brayo, na kabla ya Jumapili fundi alikuwa amelala kifudifudi kwenye mtaro akibadilisha bomba, Baba Brayo kasimama kando akinung'unika kwa Kikikuyu. Nafula, mimi nilikuwa nimefundisha usafi wa maji miaka kumi na minne na hakuna bomba hata moja lililobadilishwa.

Ndipo nikaongoka. Na ukinijua, siongoki nusu. Nikafuta kile nilichoandika ukutani. Nikawaacha mkae mnapotaka, na nyinyi wenyewe mkawahamisha wapiga kelele. Brayo, ambaye mwandiko wake hata yeye hausomi, alichagua kunieleza majibu kwa mdomo, kumbe kichwani ana kila kitu. Nilikuwa ninampa maksi za mwandiko miaka yote nikiziita za sayansi. Mkapanga siku zenu za kumaliza kazi, mkazikosa, mkapanga tena. Mimi nikavimba kichwa. Nikawa ninawahubiria walimu wengine kwenye chai, mpaka mwalimu wa hesabu akawa akiniona anahama meza.

Sasa tufike kwenye mkutano wa wazazi. Nyinyi wa Gredi ya Tisa mlikuwa mmejaa dirishani kwa nje, nilikuona. Mama yako alikuwa sokoni siku hiyo, kwa hivyo hili utanithibitishia wewe. Nilisimama nikawaambia wazazi kwamba mkondo ni wa mtoto, ajichagulie, sisi tumshauri tu. Baba Brayo akainuka na kofia yake mkononi.

"Mwalimu, mimi niko na hardware pale steji ya 56 na niko na ploti. Huyu kijana nataka afanye sayansi awe injinia. Yeye anataka mambo ya historia. Historia itajenga nini?"

Nikamwambia, "Mtoto ni wako, lakini maisha ni yake."

Watu wakapiga makofi. Fikiria, ninamwambia hivyo mwenye nyumba wangu. Yeye hakukaa. Akauliza polepole, "Na huyo wako anayechorea wanawake wa saluni? Utamwacha?"

Nikajibu, "Wangu ameshachagua. Sitagusa."

Ulisikia. Niliona meno yako yote pale dirishani.

Ijumaa ile, wakati wa chakula cha mchana, nilikaa kwenye chumba cha walimu na laptopu ya shule na fomu zenu, nikiziingiza moja moja. Zote niliziingiza zilivyo. Ya Brayo niliiingiza historia na yote, na Baba Brayo akiwa amenipigia simu mara mbili asubuhi. Kisha nikafika kwako. Sanaa, uchoraji, kwa ule mwandiko wako uliolala. Kwenye nafasi ya sababu uliandika: Nikichora ndio naelewa vitu.

Nilisoma sababu hiyo nikaona ni nzuri kuliko zote. Sikuwa na ubishi nayo. Lakini niliogopa, Nafula. Nililikumbuka lile bango la vichwa vya misuko ulilomchorea mama wa saluni, watu wanasimama kulisifu, na mimi nimesimama nao nikiwa na fahari na woga pamoja. Nikakuona una miaka arobaini, uko juu ya ngazi, unaandika USIKOJOE HAPA kwenye ukuta wa mtu. Nikafikiria yale maisha ya kupanga nyumba za watu ambayo mimi na mama yako hatujawahi kuyaacha. Watoto wa wengine niliwapa uhuru kwa roho safi kwa sababu wakianguka, wataanguka mbele ya baba zao. Wewe ungeanguka mbele yangu. Nikabonyeza sayansi, nikachagua shule za mbali zenye jina. Kisha nikamaliza chai yangu. Ilikuwa bado moto.

Mganga hajigangi, watu husema. Mimi naona huyo mganga ana nafuu, yeye hakumwahidi mtu kitu. Mimi nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba sitagusa.

Majibu ya shule yalipotoka ulisoma kwenye simu ya mama yako, ukanijia umesimama wima kama uko paredi. "Baba, wamekosea. Wameniweka sayansi." Nilikuwa na nafasi pale. Ningeweza kusema. Badala yake nikasema, "Ndio hizi mashine, mwanangu." Ukauliza kama tunaweza kuulizia. Nikasema hizo hazijibu mtu. Mama yako akakuvuta kwake ukalia, na mimi nikatoka kwenda kutafuta sanduku na godoro, kana kwamba ni haraka.

Hata hayo ningeweza kuishi nayo, nadhani. Lililonishinda ni asubuhi ya safari. Umeshapanda basi, umefungua dirisha, ukaniona uso wangu ulivyo. Ukainama ukanishika bega, ukasema, "Usijali, Baba. Si makosa yako."

Ulinifariji, mtoto wewe. Ulikuwa unaenda usipopataka na ukanifariji mimi.

Tangu hapo nikisimama mbele ya Gredi ya Tisa ya mwaka huu nikawaambia "chagueni", ninageukia ubao. Wao hawajui. Wanachagua, wanagombana, wanafanya vizuri, na mimi naona haya. Kisha ikaja barua yako ya katikati ya muhula. Uliandika kwamba mwalimu wa fizikia ni mzuri, kwamba umepata maksi za juu, kwamba "nimeanza kuzoea". Nilimsomea mwalimu wa hesabu kipande hicho, nikamwambia pia nilichofanya. Akasema, "Sasa shida iko wapi? Si anapita? Nyamaza, atakushukuru."

Huenda ni kweli. Hiyo ndiyo hatari yake, maana nilitamani sana iwe kweli. Ukifaulu, ningekaa kwenye mahafali yako nimevaa tai nikijiambia nilijua. Lakini ungekuwa umefaulu ukiamini kwamba dunia ilikukosea kwa bahati mbaya na baba yako alisimama upande wako. Hilo la pili ni uongo. Sikutaka uuzoee huo pia.

Nikamwambia mama yako Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa anakunja nguo za kupeleka sokoni, akaacha. Halafu akasema, "Mtoto alikuambia si makosa yako, na wewe ukaitikia?" Sikuitikia, nilipunga mkono tu. Akasema hiyo ni kuitikia. Akasema hatakuambia yeye, nitakuambia mwenyewe, na mpaka niandike, chai nijipikie. Nimejipikia chai siku nne. Ni mbaya.

Jumatatu nikaenda kwa Madam Njeri. Nilitegemea anifokee, hakunifokea. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Laptopu nipe. Mwaka huu kila mtoto atakaa kwenye kiti hicho, abonyeze mwenyewe, asome alichobonyeza kwa sauti. Wewe utaketi pembeni umsaidie akikwama." Kisha akapiga simu shuleni kwenu hapo hapo, mbele yangu. Kumbe sanaa pia mnafundishwa huko. Wamesema anayetaka kuhamia mkondo mwingine bado anaruhusiwa kabla muhula haujaisha, kwa fomu yenye maelezo ya mwanafunzi na sahihi ya mzazi.

Fomu hiyo walimtumia papo hapo, akanichapia, nayo imo ndani ya bahasha hii. Sahihi yangu nimeshaiweka chini. Sehemu iliyobaki yote ni yako. Ukitaka sanaa, andika sanaa. Ukitaka kubaki na fizikia yako kwa sababu sasa unaipenda, ichane, ama uandike hivyo, na mimi sitasema, "Unaona, nilijua." Ukitaka kitu cha tatu ambacho sijakiwaza, kiandike. Nilikuwa nimekuwekea hapa aya nzima ya ushauri, nzuri sana, yenye mifano. Nimeikata kwa mkasi, ndiyo maana karatasi hii ni fupi kuliko zingine.

Sikuombi unisamehe kwa haraka ili nilale vizuri. Naomba radhi tu: nilikudanganya, nikakuibia kilichokuwa chako, nikakuacha unifariji. Pole, mwanangu. Pole sana.

Siku ya kutembelewa tutakuja wote wawili, mama yako na mimi. Ametafuta kuku, na chapati atapika mwenyewe, hilo hatanipa mimi. Lakini kuniona si lazima. Kama hutaki, mwambie mlinzi wa geti jina langu na useme hapana, basi. Mama yako ataingia na chakula. Mimi nitabaki nje pale kwenye benchi mpaka mmalize, na sitamtuma mtu akuulize kwa nini.

Kaa salama, ule vizuri, na usimwachie mtu mwingine penseli zako.

Ni mimi,
Baba yako, uliyewahi kumwita Mwalimu
Kawangware